Sare ya Naibu

Kwa miaka yote niliyomjua, Naibu alivaa nguo za aina moja: sketi ya buluu iliyopita magoti, blauzi nyeupe iliyofungwa mpaka kifungo cha juu, na sweta nyeusi. Shuleni alivaa hivyo, sokoni hivyo, kanisani hivyo. Akina mama waliokuwa wakiuza mboga kando ya barabara ya Namanga walisema lazima aliwahi kuwa sista akaacha utawa. Wengine walisema ni ubahili tu. Siku moja mtoto wa darasa la pili, aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko umri wake, alimwuliza mbele yetu sote, "Mwalimu, kwani hata wewe uko na uniform?"

Naibu alimtazama, akajibu, "Niko nayo," akaenda zake.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu ya msingi pale Kitengela, na wakuu walikuja wakaenda, yeye akabaki naibu. Wazazi walimwita hivyo, walimu walimwita hivyo, na hata yule mama wa kioski aliyemwuzia maziwa kila jioni alisema tu, "Naibu, ni ile ya kila siku?" Nadhani kuna siku nyingi zilizopita bila mtu yeyote kulitamka jina lake.

Sisi watoto tulimjua langoni. Kitengela ya miaka ya tisini ilikuwa bado ni mahali ambapo pundamilia wangeweza kukutangulia shuleni, na mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa mbuga ulishika viatu mpaka wewe ukafika shuleni ukiwa mrefu kuliko ulivyotoka nyumbani. Naibu aliweka ndoo ya maji na kipande cha gunia kando ya lango. Ulisafisha miguu kwanza, halafu ukasimama mbele yake. Alianzia chini: viatu, soksi, rinda au kaptula, kola, sweta. Uso wako aliufikia mwisho, kama aliufikia.

"Sweta iko wapi?"

"Imeoshwa, Mwalimu."

"Imeoshwa Jumatatu?"

Ukinyamaza, alikuwa na maneno mawili tu. "Ukivaa, urudi."

Nyumbani kwetu kulikuwa mbali, upande wa kuelekea Isinya, na kurudi kwa ajili ya soksi kulimaanisha nusu ya siku imekwisha. Nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa fisi wa njiani. Fisi ungeweza kuwatupia jiwe.

Lakini kuna jambo nililoliona nikiwa darasa la tano, ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Zamani, siku ya kufunga shule, tuliruhusiwa kuja na nguo za nyumbani. Tuliisubiri siku ile kama Krismasi. Wasichana waliokuwa na baba zao Nairobi walikuja na magauni ya lesi na viatu vyenye bizimu za kung'aa. Mimi nilivaa rinda la dada yangu lililoingizwa pindo. Mwende, tuliyekaa naye dawati moja, binti ya mtu wa machimbo ya mawe, alikuja na sare ya shule. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, na ndiyo nguo pekee aliyokuwa nayo.

"Mwende amesahau leo ni siku gani," mmoja akasema.

"Hajasahau. Ndiyo hiyo."

Wakacheka. Wakaanza kumzunguka wakiimba kwamba Mwende analala na sare, anaoga na sare, ataolewa na sare. Mwende alicheka nao mwanzoni, kama mtu anavyocheka akitaka jambo liishe. Halafu akaenda kusimama nyuma ya choo mpaka kengele ilipolia. Nilipoinua macho nilimwona Naibu dirishani mwa ofisi. Hakutoka, na hakumkemea mtu. Alisimama tu, mkono mmoja umeshika kola yake mwenyewe.

Muhula uliofuata alitangaza kwenye paredi kwamba siku ya nguo za nyumbani imekwisha kabisa. Hakutoa sababu. Shule nzima ilimchukia. Wanafunzi wakubwa walitunga wimbo kumhusu, na wazazi wengine walisema mwanamke asiye na mtoto wake hawezi kujua furaha ya watoto. Maneno hayo yalimfikia, kwa sababu Kitengela wakati ule ilikuwa ndogo na kila neno lilifika. Mwende naye hakujua kamwe kwamba ilikuwa kwa ajili yake.

Sababu yenyewe niliipata baadaye sana. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi shule ileile kufundisha watoto wadogo, bado sijaenda chuo. Alasiri moja mvua ilinyesha kwa nguvu, walimu wengine wakawa wamekwisha kukimbilia nyumbani, tukabaki wawili katika ofisi. Mabati yalipiga kelele mpaka ikabidi asogeze kiti karibu nami. Labda ni ile kelele iliyomfanya aseme, maana mtu anaweza kusema jambo akidhani nusu yake haitasikika.

"Mama yangu alikuwa anafanya kazi kwa nyumba ya watu," alisema. "Wakatupa pazia za zamani. Yeye akanishonea rinda ya kwenda shule. Ilikuwa na ndege. Ndege kubwa, mmoja hapa, mwingine hapa." Aligusa kifua, akagusa tumbo. "Shule yetu haikuwa na sare. Kila mtu alivaa ile kitu ako nayo. Siku ya kwanza tu wakaniita Kapazia. Nikawa namba moja darasani, wakasema Kapazia amekuwa namba moja. Nikapita mtihani, Kapazia amepita. Mama akafariki, watu wakaambiana, mama yake Kapazia amefariki."

Nilitaka kusema pole lakini alikuwa hajamaliza.

"Nikienda huko leo na hii nywele yangu nyeupe, kuna mtu atatoka kwa duka aniite. Na hataniita kwa ubaya. Ataniita kwa sababu anafurahi kuniona."

Hakuwa akienda huko kwao. Hiyo niliijua tayari. Shule ilipofungwa Desemba na walimu wote kurudi makwao, yeye alibaki katika nyumba ya shule, ile ya mabati mwishoni mwa uwanja, ambayo dirisha lake lilitazama mbuga tupu. Mama alikuwa akinituma nimpelekee maziwa mara mojamoja. Jumapili nilimkuta amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria nzima, ya kulisha watu wengi. Alinipakulia, tukala kimya huku redio ikisema. Jumatatu nikipita nilimkuta anakula ileile ikiwa baridi. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza alikuwa amekwisha kutoka, kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Wakati wa mikutano ya wazazi, hata hivyo, hakuwa mtu wa nyuma. Kila mwaka suala la sare lilizuka, na kila mwaka alisimama. Alisema sare inawafanya watoto kuwa kitu kimoja. Alisema mtoto wa machimbo na mtoto wa mwenye duka wakikaa pamoja wamevaa sawa, hakuna anayejua nani hakula jana. Alisema mtoto aliyevaa vizuri anajiheshimu, na madereva wa malori huko barabarani wakiona sare wanajua huyu ni wa shule, wasimguse.

Mama mmoja aliyefanya kazi katika viwanda vya nguo vya Athi River alimjibu mwaka mmoja, mtoto mgongoni. "Naibu, mimi nashona nguo kutoka asubuhi mpaka giza. Nguo za watu wa ng'ambo, hata siwajui. Na mtoto yangu mmemfukuza juu ya sweta. Sasa niambie, nimuibie moja?"

Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Halafu akasimama baba yake Nasieku, msichana mmoja wa shule yetu. Alikuwa mfugaji wa upande wetu, mrefu, mpole, shuka lake jekundu limefungwa begani, na Kiswahili chake kilitoka polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mwalimu," alisema, "wewe unasema hii sare inaficha maskini. Kwangu mimi inamwonyesha. Angalia. Mimi niko na shuka hapa. Mzee yule ako na shuka. Nani anajua ni nani ako na ng'ombe mingi? Hakuna. Mtoto akivaa shuka hakuna mtu atamuuliza kitu. Lakini akivaa hii yenu, mnaangalia soksi, mnaangalia kola, mnasema hii imepasuka. Sisi hatukuwa maskini mpaka mlete nguo."

"Mzee," Naibu akasema, "mtoto akienda Nairobi na shuka, wataona shuka kwanza kabla hawajaona mtoto."

"Na wakiona shuka, wameona nini mbaya?"

Naibu alikaa chini. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akikaa katika mkutano bila kumaliza. Jioni ile, tukifunga madirisha, aliniambia, "Yule mzee amesema ukweli." Halafu akaongeza, "Na mimi pia nilikuwa nasema ukweli."

Hakuwa mtu wa upande mmoja, ingawa watu walitaka awe hivyo. Mwalimu mkuu mmoja alipoamua kwamba sweta zote zinunuliwe katika duka moja tu mjini, zenye mistari miwili shingoni, Naibu alikataa mbele ya kamati. Alisema mama yeyote anayejua kufuma afume, mradi rangi iwe kijani. Mkuu alinuna. Tangu siku ile alipita karibu na meza yake bila kumsalimia, na walimu wengine, ambao kila mmoja alikuwa na cheo cha kulinda, wakajifunza kupita hivyohivyo. Akiingia ofisini mazungumzo yalikatika. Kwa hiyo alichukiwa na watoto kwa kupenda sare, akachukiwa na wakubwa kwa kutoipenda inavyotakiwa.

Halafu ukaja ule ukame uliowafanya wafugaji kupeleka ng'ombe mpaka katikati ya Nairobi, wakichunga kwenye majani ya barabarani. Upande wetu mizoga ilikuwa kila mahali. Baba yake Nasieku aliyeyaona haya yakija alihamia kusini, kuelekea Bisil, na mifugo michache iliyobaki. Nasieku, aliyekuwa darasa la saba, aliachwa kwa shangazi yake ili amalize mwaka. Rinda lake lilichanika mgongoni, likashonwa, likachanika tena. Binamu yake akampa la shule nyingine, la rangi ya damu ya mzee. Jumatatu moja alifika nalo langoni.

Nilikuwa nimesimama pale na kitabu changu cha kuita majina. Niliona Naibu akianzia chini kama kawaida. Akafika kwenye lile rinda.

"Hii ni ya shule gani?"

"Ya Bisil, Mwalimu. Yangu imeisha."

"Hapa si Bisil. Ukivaa, urudi."

Nasieku alisema, "Ndiyo, Mwalimu." Akageuka. Hakulia wala kubishana. Alitembea ukingoni mwa barabara mpaka vumbi la malori likamfunika.

Wiki zilipita. Shangazi yake tulipomwuliza alisema alimrudisha kwa baba yake. Baadaye watu waliotoka mnada wa Bisil wakaleta habari kwamba Nasieku ameolewa. Naibu alizisikia habari hizo tukiwa ofisini. Jumamosi iliyofuata alibisha hodi kwetu alfajiri, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akiwa na mfuko wa karatasi. "Wewe unajua Kimaasai," aliniambia. "Twende."

Njiani alinitaka nimfundishe salamu. Nilimfundisha kwamba mama mzee akisema "Takwenya," yeye ajibu "Iko." Alirudia neno lile mpaka Bisil, midomo ikicheza. Tuliuliza mnadani, kwa wauza mbuzi, tukaelekezwa, tukatembea kwenye mawe na miiba mpaka tukafika boma lenyewe. Mume hakuwepo. Mama mkwe alitoka, mwanamke mwenye macho ya huruma, akasema, "Takwenya."

"Iko," Naibu akajibu.

Nasieku alitoka nyuma yake. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa, na shanga mpya zilimjaa kifuani. Alituletea chai ya maziwa machache. Alikaa mbele yetu na miguu ameikunja vizuri, kama mwenye nyumba. Naibu alifungua ule mfuko, akatoa rinda jipya la buluu na sweta ya kijani, akaviweka magotini mwa msichana.

"Nimekuja tukurudishe shule," alisema. "Nitaongea na baba yako. Nitaongea na chifu."

Nasieku alilipapasa rinda kwa vidole viwili. "Mwalimu, ng'ombe tayari zilifika kwa baba. Ndizo anakamua."

"Nitaongea naye."

"Ulisema nikivaa nirudi," Nasieku alisema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza njia. "Nikamwambia baba. Baba hakuwa na nguo. Hawa walikuwa nayo."

Hakukuwa na la kutafsiri. Naibu alielewa kila neno. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili na hakunywa. Mama mkwe, ambaye hakuwa amefuata mazungumzo, alilichukua lile rinda, akalivuta kitambaa, akatikisa kichwa kwa kulikubali. Aliniambia kwa Kimaasai kwamba ni kitambaa kizuri, kitafaa kumbebea mtoto akija. Naibu aliniuliza amesema nini. Nilimwambia anashukuru.

Alikwenda kwa chifu, akaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani mwa watu. Alikwenda ofisi ya elimu Kajiado, akaambiwa angoje. Alirudi Bisil peke yake mara nyingine, na mara ya mwisho alikuta boma limehama, imebaki miiba ya ua na majivu. Hatukumpata tena Nasieku.

Langoni hakuacha kusimama, lakini hakumrudisha mtoto mwingine hata mmoja. Ndoo ya maji ilibaki. Mtoto alinawa miguu, akasimama mbele yake, na Naibu akasema, "Ingia." Walimu walinong'ona kwamba amelegea. Miaka michache baadaye elimu ya msingi ikafanywa bure, na asubuhi ya kwanza ya Januari ile watoto walimiminika kama maji yaliyovunja ukuta: wengine na makoti ya baba zao, wengine na magauni ya harusi za watu, wengine na shuka, na kijana mmoja mkubwa aliyeota ndevu akaja na aproni ya hoteli. Mwalimu mkuu alisimama kati yao akitafuta la kusema. Naibu ndiye aliyefungua lango lote, pande zote mbili. "Ingia," alimwambia kila mmoja. "Ingia, mama. Ingia, mzee."

Lakini katika mkutano wa mwaka uleule alisimama tena kutetea sare, kwa nguvu zilezile. Nilimwuliza baadaye anawezaje.

"Nataka wavae," alisema. "Na sitaki mtu afukuzwe. Nani alikuambia hizo ni vitu mbili zinapigana?"

"Wazazi wanasema umebadilika."

"Nimechelewa," alisema. "Hiyo si kubadilika."

Alistaafu kimya. Shule ilimfanyia sherehe ndogo ya soda, mkuu akasoma hotuba, wengi walikuwa wageni ambao hawakumjua. Nyumba ya shule ilihitajika, kwa hiyo alihama. Mimi nilikuwa nimekwenda chuo na nikaolewa, Kitengela ikajaa nyumba za ghorofa na nyua za mawe, nikapoteza habari zake.

Nilimwona mara ya mwisho Kajiado mjini. Nilikuwa nimepeleka karatasi zangu za kazi ofisini, nikaingia hoteli ya chai kungoja, nami nikamwona amekaa peke yake mezani, mgongo umeinama kidogo. Alinitambua kabla sijasema. "Mwalimu," aliniita, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Tukiwa tunakunywa chai, mwanamume mwenye koti zuri alikuja mezani, akainamisha kichwa mbele yake kama tunavyofanya upande wetu kwa wazee. Naibu alimwekea mkono utosini.

"Unanikumbuka, Mwalimu?"

"Nakukumbuka sana."

Mwanamume yule aling'aa uso mzima. Alisema sasa ana watoto, akamwombea heri, akaondoka akituambia chai yetu imelipwa. Naibu alimtazama mpaka akapotea barabarani.

"Ni nani huyo?" aliniuliza.

"Sijui. Nilidhani wewe unajua."

"Hapana." Aligeuza kikombe chake. "Wananisalimia kila siku hapa. Nikifunga macho nawaona wote, kwa paredi, kijani na buluu mpaka kwa ukuta. Mmoja mmoja siwapati."

Nilimsindikiza kwake. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya maduka, safi, kitanda, jiko, na dirisha dogo. Kiti kilikuwa kimoja. Alikivuta katikati, akakifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, akanikalisha, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwambia siwezi kukaa sana, magari ya Kitengela yataisha. Alisema anajua. Nje mtu alikuwa anaita abiria, halafu akaacha.

"Kaa kidogo tu," Naibu alisema. "Tuambie habari za huko."

Alisema hivyo, tuambie, mle ndani tulimokuwa sisi wawili tu. Nikauweka mkoba chini, nikavuta kiti karibu na kitanda, nikawaambia.